Video Ilipigwa Kutoka Hema la Familia

Kaka yangu,

Nakuandikia hadharani, asome anayetaka, kwa maana simu yako siiamini na yangu pia siiamini. Wewe soma tu, usijibu.

Bado nakuona siku tulipomzika Shosho, nyanya yetu, kule Kajiado. Spika zilikuwa zako, na MC ulikuwa wewe, ndani ya suti ya kuazima iliyokubana mabega. Mheshimiwa akaja na msafara wake, akanyoosha mkono apewe maiki, maana siku hizi hatuziki bila siasa. Ukakataa kumpa. Ukamuuliza mbele ya jeneza, "Mheshimiwa, wale vijana waliovunja vibanda vya akina mama Kitengela, ni nani aliwatuma?" Mama akanong'ona, "Ngai! Huyu mtoto ataniua." Mimi nilicheka, haki ya Mungu. Nilijivunia wewe.

Wiki haikuisha, vijana wakakuvamia dukani kwako wakakuvunja mkono. Ulinieleza kwamba kwanza walikuchezea video ya yale maneno yako. "Rudia sasa. Si uko na mdomo?" Ukatoroka hata plasta haijatolewa.

Hiyo video nimeitazama mpaka macho yakauma. Kofia ya Mama imeziba pembe moja ya picha, na jeneza liko karibu kabisa. Ilipigwa kutoka hema la familia, kaka. Pale hapakuwa na mgeni, tulikuwa sisi tu.

Tangu hapo siwezi kula na watu wetu bila kuangalia mikono yao. Anko ghafla amepata kazi ya kaunti, yeye ambaye hajawahi kupata hata kibarua. Binamu yetu naye hakosi Jumapili, na parachichi zake na swali lake moja: "Brathe wako anarudi lini? Mambo yametulia." Yametulia vipi na hakuna aliyeshikwa? Na Mama anammiminia chai! Labda nawaonea. Labda ni mmoja wao, labda ni wote. Nimechoka kunong'ona ndani ya nyumba yetu, na hilo ndilo walilotaka: wamevunja mkono mmoja, ukoo mzima umenyamaza.

Mama anataka uje Krismasi. Mimi nakutamani zaidi yake. Lakini siku utakaposikia sauti yangu kwenye simu ikikwambia njoo nyumbani, kumetulia, usije. Jua kuna mtu amekaa kando yangu.

Ni mimi,
dada yako.