Baba, Karatasi Ile Niliiandika Mimi

Temeke, Jumapili, 11 Agosti 1968. Asubuhi ina baridi kidogo. Mawingu mepesi, upepo wa kusi, hakuna mvua.

Baba yangu na mwalimu wangu wa kwanza,

Leo ni siku ya arobaini na tatu. Arobaini yako tuliisoma Alhamisi, na watu walikuja wengi hadi tukaazima sahani nyumba ya tatu. Mimi sijalia bado. Nalisema hilo kama ninavyoandika hali ya hewa, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Shangazi alinitazama nikigawa pilau akamwambia mama, "Huyu mtoto ofisi imemkausha."

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Karatasi ile ya misemo ya Kiswahili, iliyokuondoa mezani kwako, niliiandika mimi.

Nitaeleza kwa utaratibu.

Unakumbuka Jumapili asubuhi ulivyokuwa ukinyoa ndevu mbele ya kioo ulichokitundika kwenye nondo za dirisha. Mimi nimekaa kwenye kigoda na daftari lako la jalada la bluu mapajani. Ulikuwa unataja jina moja tu la Kiingereza, povu limejaa mashavuni, nami nilitakiwa nitaje linalotangulia na linalofuata.

"Behalf."

"On behalf of."

"Accordance."

"In accordance with."

"Due course."

Hapo nilikwama. "At due course?"

"At umemtoa wapi wewe? Huyo hakualikwa hapa."

Mama alicheka jikoni. Nikasema in due course, ukaendelea kunyoa.

Ulisema majina makubwa ya Kiingereza ni kama mabwana wakubwa, hayatoki nje bila karani. Wengine wana karani mmoja mbele, wengine mmoja mbele na mmoja nyuma, na huwezi kumwazimia bwana huyu karani wa bwana yule. Nilikuuliza kwa nini Mwingereza akienda kwa miguu ni on foot, akienda kwa basi ni by bus, wakati sisi "kwa" yetu moja inatutosha safari zote. Ukasema, "Kiingereza hakiulizwi kwa nini, mwanangu. Kinaulizwa nani anatembea na nani."

Na vitenzi ulivipenda zaidi, kwa sababu vilibadilika tabia kutokana na rafiki viliyefuatana naye. "Carry peke yake ni mchukuzi wa bandarini," ulisema, "ana gunia lake begani. Mpe out, anakuwa serikali, anatekeleza. Mpe on, anaendelea zake na safari." Nilikuwa darasa la sita. Nilipofika sekondari nikakuta mwalimu anatufundisha maneno hayo moja moja, kama mtu anayetaka kujenga nyumba kwa kuhesabu misumari. Mimi nilikuwa nayo tayari yamefungwa vifungu vifungu.

Kazi yako ilikuwa hiyo. Karani mkalimani. Enzi za Mwingereza ulisimama kando ya meza ya mkubwa na kuyageuza maneno ya watu. Baada ya Uhuru wakubwa wakawa watu wetu, lakini barua ziliendelea kutoka kwa Kiingereza, na hakuna aliyetia sahihi kabla hujapitisha kalamu yako. Jioni majirani walikuja na barua zao za serikali. Bi Mwanaidi alikuja na ile ya kiwanja chake mara tatu, barua ileile, kwa kuwa alipenda unavyoisoma.

Lilipotangazwa redioni agizo la kuendesha kazi za serikali kwa Kiswahili, ulipiga makofi. Nimeandika katika shajara: "Baba amefurahi. Amesema sasa Bi Mwanaidi atasoma mwenyewe."

Wiki chache baadaye ofisini kwetu mjini wakateua watu watano watengeneze orodha ya misemo ya barua, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande ule, ili isambazwe ofisi nyingine. Mimi niliitwa kupiga chapa tu. Shajara ya Jumatatu ile inasema: "Kamati imekwama kwenye in due course. Mwenyekiti anataka 'baadaye'. Nikasema 'wakati wake ukifika'. Wote wamegeuka kunitazama. Wamesema orodha yote niiandae mimi."

Hayakuwa maneno yangu. Kando ya kila kifungu katika daftari la bluu ulikuwa umekwisha kuandika Kiswahili chake kwa penseli, na hapo ulikuwa umeandika: wakati wake ukifika. Jumanne nililichukua daftari sandukuni. Ijumaa nililirudisha chini ya mashati yako, kama lilivyokuwa. Sikukuomba. Nimejaribu kukumbuka kama niliwaza habari zako siku hizo tatu, na jibu ni kwamba sikuwaza. Niliwaza jinsi walivyogeuka kunitazama.

Orodha ilipigwa kwa stensili na kusambazwa. Juu iliandikwa: Imetayarishwa na Kamati. Ilifika kwa mkubwa wako kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku ile ulirudi mapema. Ulivua viatu mlangoni, ukamwambia mama, "Mkubwa kanambia, 'Mzee, sasa tutaweza wenyewe.' Kanambia kwa adabu, simlaumu." Wakakuhamishia chumba cha majalada. Ukapewa funguo na kiti kisicho na mgongo.

"Na aliyeandika hiyo karatasi ni nani?" mama akauliza.

"Kamati."

"Kamati ina mama yake. Huyo mtu mie simsamehe, hata aje kwa magoti."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Kisha Jumapili iliyofuata ulinyoa ndevu, ukaniita. Ulikuwa na karatasi yenyewe mkononi, umeikunja mara nne. Nikasema shikamoo, ukaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Wewe uko huko kwenye maofisi makubwa," ulisema. "Huyu aliyeandika hii unamjua?"

"Ni kamati, baba."

"Kamati haina sikio. Huyu ni mtu mmoja, tena ana sikio." Ukaweka kidole kwenye mstari. "Tazama hapa. Wakati wake ukifika. Nilidhani ni mie peke yangu niliyelisema hivi katika Tanganyika nzima."

Ulinisubiri. Hilo nina hakika nalo, maana maji yalikuwa yanachemka na ulimwacha mama ayaepue mwenyewe, wewe ambaye hukupenda aungue vidole. Ulinisubiri, nami nikasema, "Labda wamekutana tu mawazo, baba."

Ukakunja karatasi. "Basi kamati nzuri," ukasema. Ukaomba chai.

Miezi tisa ulikaa katika chumba kile. Hukulalamika. Ulisema majalada yana adabu kuliko watu, hayakukatizi. Kifua kilipoanza, mama alisema ni vumbi, daktari akasema si vumbi, na sasa hakuna haja ya kubishana. Hospitali nilikaa nawe siku saba. Kila siku nilikuja na sentensi moja niliyoipanga njiani, na kila siku nilikunywesha uji nikarudi nayo. Siku ya sita uliniuliza uniletee kitu gani cha kusoma. Ilikuwa ni wewe uliyeniuliza mimi, kama vile mgonjwa ni mimi. Nikasema, pumzika.

Baba, jambo hili lilikuwa na faida yake na sitaki kulificha. Nimemwona Bi Mwanaidi amekaa barazani kwake na barua mpya ya kiwanja, ya Kiswahili, anaifuata kwa kidole, midomo inatembea. Anaisoma vibaya, lakini anaisoma. Maneno anayoyasoma ni yako na hajui. Hakuna anayejua. Hilo ndilo nililofanya: niliyapeleka maneno yako kila ofisi, nikakuacha wewe nyuma.

Jana Jumamosi nilitoka kazini saa sita na nusu. Wanataka orodha ya pili, na mwenyekiti ameniomba niitayarishe kama ile ya kwanza. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anapanga nguo zako za kugawa. Alipofika kwenye lile shati la mistari, akaanza tena habari ya mtu wa karatasi, kwamba yuko wapi sasa, anakula nini.

Nikamwambia, "Yuko hapa, mama. Ni mimi."

Alidhani sikusikia vizuri alichosema. Nikamweleza yote, daftari, Jumanne, Ijumaa, mashati. Alikuwa ameshika shati lako kwa mabega yote mawili kama mtu anayepima. Kisha akauliza.

"Na yeye alijua?"

"Sijui, mama."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Akalikunja shati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akaliweka juu ya mengine.

"Kwa hiyo hata nafasi ya kukugombeza hukumpa," alisema. "Ungempa, Zuhura. Angekugombeza siku mbili, ya tatu angekwenda kutangaza msikitini kwamba ni mwanawe."

Hakusema kama ananisamehe, nami sikuuliza. Aliinuka kwenda kuanua kanga. Nilibaki na nguo zako. Nilidhani sasa nitalia, nikasubiri, haikuwa.

Orodha ya pili sitaiandika mpaka jina lako liwe juu yake. Nitamwambia mwenyekiti kesho saa mbili, kabla hajaketi. Akikataa, atatafuta mwingine mwenye daftari. Silisemi hili ili uniwie radhi. Nalisema kwa kuwa ndilo lililobaki la kufanya, na kwa kuwa wewe, uliyepaswa kuambiwa wa kwanza, umekuwa wa mwisho.

Mungu akupanulie ulipolala.

Binti yako

Jana, baada ya kumwambia mama, nililala saa kumi na moja kasorobo, jua likiwa bado lipo, hadi asubuhi hii.