Jiwe la Mabula Halikuwaka

Katoro

Mama, Mayu wangu mpendwa, shikamoo.

Naamini umeketi, na mdogo wangu Kwandu ndiye anayekusomea. Mwambie asiruke mstari. Mimi ni mzima. Kile kikohozi chako cha moshi wa jikoni kimeisha, au bado unakibembeleza?

Nina habari za kaka Mabula. Amenituma niandike mimi, yeye anaona haya. Alirudi machimboni baada ya mavuno akikohoa, na hajaacha. Kila nikimwomba makohozi nikayapime, jibu lilikuwa lilelile: vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Nikachoka naye.

Sasa, zahanati yetu imepata darubini mpya. Zile za hospitali kubwa tungeziota tu. Hii ni ndogo, bei yake tumeimudu, na ina kitaa cha buluu kinachotumia betri, hivyo umeme ukikatika mimi naendelea na kazi. Makohozi nayapaka rangi maalumu, na vijidudu vya kifua kikuu vikipigwa na mwanga ule vinang'aa. Inataka giza, kwa hiyo chumba changu cha maabara nimekitundikia mapazia meusi. Basi mjini wakavumisha kwamba Milembe ana mashine ya kuonyesha dhahabu.

Nani akaja mbio na jiwe ndani ya kitambaa? Mwanao. Nikaliweka chini ya ule mwanga, akachungulia, giza tupu. Nikamwambia jiwe nimeshakupimia, sasa nipe na cha kifuani. Alicheka mpaka akakohoa, akatoa.

Nilipoyapima makohozi yake niliviona vijidudu vimetapakaa, vijiti vidogo vya njano vinawaka kwenye giza. Nililia, Mayu, sikufichi. Kisha nikamwita aone mwenyewe. Aliinama, akabandika jicho kwenye darubini.

"Hivi vyote vimo ndani yangu?"

"Vyote. Na vyote vinakufa kwa dawa."

Sasa anameza vidonge kila asubuhi mbele ya macho yangu, na duarani, kule shimoni, hashuki kwanza. Ugali wangu anaula mpaka naficha sufuria. Atapona, hilo niachie mimi.

Nisalimie baba mdogo Shija na ng'ombe wake, na bibi anayeniombea mchumba kila Jumapili, asichoke.

Ila Mayu, kaka alilala nyumbani kwako msimu wote wa mavuno, akikohoa. Kesho asubuhi nendeni kituo cha afya, wewe na Kwandu, mkapimwe. Yeye aliniambia ni vumbi. Wewe usiniambie ni moshi.

Ni mimi binti yako anayekuhitaji bado,
Milembe