Boaz, Rafiki wa Mazingira

Raudha, acha kila kitu unisome. Natoka kikao cha kamati ya harusi yangu sasa hivi.

Mchumba wangu kasimama na suti yake, kapiga marufuku maua ya plastiki. "Plastiki inaua udongo! Harusi yetu itakuwa rafiki wa mazingira!"

Boaz huyu huyu! Mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu! Anayeoshea kwa zebaki na maji anayaachia yateremke popote!

Kamati inapiga makofi. Mimi natazama sakafu.

Halafu kajichongea mwenyewe: "Maua yote yatatoka Kharumwa, bustanini kwa mama."

Mama mkwe alikuwa anakula karanga zake. Akainua kichwa. "Maua gani, ng'wanawane, mwanangu?"

"Yale mekundu mama, ya pale chini ya karasha."

"Yalikufa. Tangu maji yako yaanze kupita pale hata bamia haioti. Kuku nao wakafa. Nikakwambia, ukasema ni kideri."

Raudha. UKASEMA NI KIDERI. Mbele ya mchungaji!

Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja nyingine. Nikanyoosha mkono mimi, bibi harusi mwenyewe: "Tuweke ya plastiki. Ndiyo maua pekee yanayoweza kuishi na Boaz."

Ukumbi mzima ukacheka. Boaz kaninunia mpaka sasa, eti nimemdhalilisha.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Nyumba yetu inajengwa pembeni ya bustani hiyo hiyo, shoga. Na kisima kishachimbwa.