Rauta Iko Chumbani Kwetu, Mkwe Wangu Haruhusiwi Kuingia

Mpendwa mshauri Dorotea, naomba unisikilize kwanza ndipo unigombeze, maana kugombezwa najua nitagombezwa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, nauza vitenge Iringo na nyumbani kwangu ni Buhare, nimeokoka, shule niliishia la saba. Majina nimeyabadilisha yote isipokuwa la Mungu.

Mwanangu Benson anafanya kazi Kahama, na mke wake Flora anaishi na sisi, mimi na mume wangu Mzee Gibson. Flora anasoma ualimu wa chekechea kwa njia ya mtandao, na mitihani wanafanyia hapo hapo kwenye kompyuta, kamera ikiwaangalia, mtandao ukikatika na mtihani umekatika. Benson akatununulia kompyuta ya mezani, akatuvutia na intaneti ya waya, waya ukaingilia dirisha la chumba chetu sisi wazee, basi na rauta, kile kidude chenye taa cha kusambazia intaneti, ikabaki humo. Mwaka juzi tuliibiwa tivii, kwa hiyo Mzee akaitia rauta kwenye tranka la chuma chini ya kitanda, akatoboa tundu la kupitisha nyaya, akapiga kufuli. Na kwetu mke wa mtoto hakanyagi chumba wanacholala wakwe zake, hata kufagia, kwa hiyo Flora hiyo rauta hajawahi kuiona kwa macho.

Akaanza kulalamika mtandao ni mzito, vipindi vinakwama, sura ya mwalimu inaganda mdomo wazi. Mimi ndiye nilikuwaga na ufunguo, basi naingia chumbani, nafungua tranka rauta ipate hewa maana inachemkaga, nakaa kitandani na simu yangu, naweka mahubiri, yanatiririka bila kukwama. Nilipofanya hivyo mara mbili tatu nikajua binti anatudanganya. Mtihani wa kwanza ulikatika swali la kumi na mbili. Wa marudio ulikatika hata hajamaliza kuandika jina. Mshauri, nilishika simu nikamwambia Benson, "Mkeo anashinda kwenye tamthilia, halafu akifeli anasingizia mtandao." Hizo tamthilia sijawahi kumwona anaangalia hata moja.

Benson akawaka. Chuo kimempa Flora nafasi moja ya mwisho, Jumamosi hii saa tatu asubuhi, na Benson amesema asipofaulu masomo yameishia hapo, afungashe aende kwao Butiama mpaka yeye apate likizo, waje kuzungumza na wazazi wake. Flora alipoambiwa aliendelea kukaanga dagaa wake, ila wale dagaa waliungua.

Sasa Jumapili iliyopita Mzee alikuwa na homa, amelala, nami nilitaka kuangalia ibada ya kusimikwa uchungaji mdogo wangu Renatus kule Bunda, walikuwa wanairusha moja kwa moja. Ili nisimsumbue mgonjwa nikafunga tranka, nikatoka, nikakaa na simu sebuleni kwenye meza ya Flora yenye kompyuta. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, ibada haiji. Nikaenda kufungua tranka, nikarudi, picha ikaanza kuja kidogo kidogo. Nikaenda kufunga, ikafa. Mara tatu nilienda na kurudi mpaka Mzee akaniuliza kama homa yake imehamia kwangu. Flora akarudi kutoka kanisani akanikuta kwenye kiti chake nimeikodolea simu macho, akasema, "Pole mama, ndivyo inavyofanyaga."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nimemwomba Mzee tuitoe rauta sebuleni, anasema mwizi wa tivii bado yuko mjini hapa hapa na hiyo rauta haitoki. Kumwambia Benson kwamba nilisema uongo naona aibu, ataniheshimu vipi tena, mimi ninayemwombeaga kila alfajiri? Nimefunga siku mbili nikiomba Bwana aufungue mtandao siku hiyo ya mtihani. Je, nikinyamaza akafaulu, mambo si yatakuwa yameisha yenyewe? Nakutumia kwa WhatsApp ya redio maana siku zimebaki chache.

Mama B., Buhare

*

Mama B., nimekusoma leo Jumanne na nakujibu leo Jumanne. Kufunga kwako nakuheshimu, lakini Bwana alikwisha kukujibu Jumapili, tena mara tatu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwako.

Wifi haipiti kwenye chuma. Mkishapiga kufuli, Flora anaokota makombo yanayotoka kwenye tundu la nyaya, nayo yavuke kitanda na kuta za tofali ndipo yamfikie. Kidude chenyewe kinachemka humo, na kikichemka kinazidi kuchoka. Wewe ulionja chungu jikoni, ukasema wa mezani wameshiba.

Itoe trankani leo. Mwambie Mzee kwamba kinachoibiwa nyumbani kwake sasa hivi ni masomo ya mkwe wake. Kama hofu yake ni mwizi, waya ukishafikishwa sebuleni, mchana akae nayo huko mwenyewe, usiku airudishe chumbani juu ya kabati, wazi, mbali na hilo tranka. Kesho mtafute fundi aongeze waya ufike sebuleni, na waya mwingine utoke kwenye rauta uingie moja kwa moja kwenye kompyuta ya Flora, hapo hata ukuta hauna neno. Alhamisi saa tatu asubuhi, saa ile ile ya mtihani, ajaribu kuongea na mwenzake kwa video saa nzima. Ikikwama hata kwa waya, mpigie aliyewaungia intaneti siku hiyo hiyo, usingoje Ijumaa jioni. Jumamosi simu zote za nyumbani zizimwe wifi, yako ya kwanza, mahubiri yatakungoja. Na Flora aulize chuo mapema: umeme ukikatika anaruhusiwa kuhamia bando la simu? Mila yenu sina ugomvi nayo, haikusema intaneti ilale na wazee.

Sasa Benson. Hapa ndipo nakugombeza, mama. Hukukosea kuhusu rauta tu, rauta hata mimi ningekosea. Ulitunga tamthilia ambazo hukuziona, ukamshtaki nazo mtoto wa watu aliyekuwa anakupikia. Unaniuliza kama akifaulu mambo yataisha. Yataisha kwako. Kwa Benson atabaki mke aliyewahi kudanganya. Na ukingoja matokeo, akifaulu utaonekana unampongeza, akifeli utaonekana unamtetea. Ni wiki hii tu ambayo utaonekana unasema kweli.

Heshima ya mwanao itayumba kidogo, ndiyo. Ivumilie. Mpigie jioni hii, weka sauti ya nje, Flora akiwa amekaa pembeni yako, useme ulichosema na kwamba hukukiona. Usisingizie shetani, usisingizie mtandao. Kisha umwombe Benson afute ile habari ya Butiama kwa mdomo wake mwenyewe, Flora akisikia, ili Jumamosi saa tatu akae kwenye kiti chake akiogopa maswali tu.