Pistoni Zako Zimenyamaza, Mtani

Mtani wangu Shomari,

Jumamosi tulipita na gari lako hapo makaburini, tukitoka Itetemia kushika barabara ya Nzega. Kama ulisikia mlio wa bomba la moshi tu na hukusikia kugonga, basi habari yangu umeshaipata, na kilichobaki ni mimi kujisifu. Utavumilia. Hapo ulipo huwezi kuniacha nikiongea ukaenda kunywa kahawa kama ulivyozoea.

Mwandiko wangu unaujua. Kuku akipita kwenye unga anaandika vizuri kuliko mimi. Lakini mkono huu mbovu wa kalamu ndio uliomalizia kufunga injini yako baada ya presha kukuchukua, na hakuna nati hata moja iliyobaki mezani. Fundi mwingine hapa Tabora anayeweza kusema hivyo ajitokeze nimvulie kofia. Kofia bado iko kichwani.

Unakumbuka tulivyogombana siku ya kupima silinda. Nikasema nafasi ni kubwa mno, pistoni inaogelea mle ndani, itagonga. Ukasema hizi si za kumiminwa kama sufuria, hizi zimefuliwa kama jembe, ni za gari la mashindano, zikipata moto zinatanuka kuliko zile tulizozoea, na ukizibana zitakwama. "We mla michembe ya viazi," ukaniambia, "babu yako alikuwa mhunzi, na wewe hujui kitu cha kufuliwa kinataka nini?" Nikakujibu kwamba babu yangu huyo huyo alibeba mizigo kwa kichwa kutoka huku mpaka pwani kwenu, na Wazaramo akawakuta wamekaa wanapiga ngoma. Ulicheka mpaka ukaangusha spana. Mwisho ukashinda wewe, si kwa hoja, ila kwa kuwa gari ni lako.

Basi tulipoliwasha mara ya kwanza, wewe ukiwa umeshalala, likapiga kwa-kwa-kwa-kwa kama mtu anapigilia misumari kwenye bati. Zuhura akazima palepale. Mwanao unamjua, haogopi kona wala vumbi, lakini sauti ile ilimtoa roho. Gari hilo ulimwahidi liwe lake la mashindano, na ndilo ulilomwachia. Kila asubuhi anawasha, anasikia kugonga, anazima. Kesho yake tena. Na baridi yetu ya kipupwe unaijua! Injini haikuwahi kupata moto hata wa kuchemsha yai. Nikamwambia liache lingurume, lipate moto. Akasema, "Baba Maganga, likipasuka nitabaki na nini cha baba?" Nikafunga boneti, nikarudisha spana zangu kwenye sanduku.

Mdogo wako Kibwana alipofika kwa arobaini yako, akalisikia mara moja tu akatoa hukumu. Injini imekufa, akasema, mafundi wazee wameiua, ishushwe, gari liuzwe. Akachukua ufunguo akautia mfukoni mwa kanzu. Zuhura akainamisha kichwa. Nilimwona amekubali, Shomari. Amechoka kusikia kile kitu kikigonga.

Kusema nilishasema sana, hakuna aliyesikiliza. Nikakumbuka kwamba mimi pale si fundi tu. Mimi ni mtani, na mtani msibani haguswi.

Ilipokwisha dua na pilau kuandaliwa, nikachukua sahani yangu, nikamwendea Kibwana mbele ya watu wote, nikatia mkono mfukoni mwake na kuchomoa ufunguo. "Mali ya marehemu naichukua!" nikapiga kelele. "Wazaramo mnaozesha vitu vya watu! Anayeutaka aje aukomboe!" Wanawake wakapiga vigelegele. Kibwana anaijua mila, angefanya nini? Akatabasamu kwa meno tu. Alidhani nitacheza kidogo nirudishe.

Nikaingia ndani ya gari, nikafunga milango, nikawasha.

Kwa-kwa-kwa-kwa! Watoto wakaziba masikio. Kibwana akaja kupiga kioo, "Zima! Zima, mzee, unaiua!" Nikamwonyesha sahani. Nakula. Mtani akila hasumbuliwi. Nikala taratibu, jicho moja kwenye nyama na jingine kwenye mshale wa joto. Kwa nje nilikuwa mfalme. Kwa ndani nilikuwa naogopa, maana kama kinachogonga ni beringi ya mkono wa pistoni, moto ungeizidishia kelele, na mimi ndiye ningekuwa nimemvunjia mtoto urithi wake huku nimeshika paja la kuku. Hilo nakwambia wewe tu, kwa sababu huwezi kumwambia mtu.

Mshale ukapanda. Kugonga kukapungua, kama mtu wa misumari amechoka. Kukawa kwa mbali. Halafu sikusikia kitu ila mngurumo mmoja laini, na mimi nikivunja mfupa kwa meno. Nikakanyaga mafuta. Laini vilevile. Kibwana mkono ukabaki hewani. Zuhura akaja akaweka viganja viwili juu ya boneti, machozi yanamtoka na anacheka, akasema, "Baba alizipa pistoni nafasi yake." Kisha akafungua mlango kwa ufunguo wa akiba, kumbe alikuwa nao, akaniambia, "Sogea, baba, na hilo sahani lako."

Gari haliuzwi tena. Kibwana mwenyewe alipanda kiti cha nyuma akafika Nzega amekumbatia kofia yake.

Sasa sikiliza. Sisemi nilikosea siku ile ya kupima. Nasema tu wewe hukukosea. Yatosha hapo.

Kitu kimoja kimeniudhi. Ilikuwa zamu yako kuja kunifanyia fujo msibani kwangu, wewe ukakimbilia mbele, na sijui mtani gani mwingine ananiweza. Nikamlalamikia Zuhura tukiwa njiani. Akasema siku hiyo ataleta gari hili mpaka mlangoni kwangu, aliwashe likiwa la baridi, ligonge mpaka mchungaji wetu wa kanisa la Moravian asimamishe sala, na hatazima mpaka linyamaze lenyewe. Nimekubali. Nimemwambia asikanyage mafuta kabla ya mshale kufika katikati, hata kama ni mimi ninayezikwa.

Na mimi nakuahidi, nikiwa hai hakuna atakayeifungua injini hiyo kwa sababu ya kelele za asubuhi. Nitakaa pembeni yake na kahawa yangu, nisubiri ipate moto.

Pumzika, mla nazi. Kahawa yako nainywa mimi.

Maganga, mtani wako