Nafasi Nyuma Yangu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Cyrille amepiga simu toka Moba. Mtandao unakatika-katika. Kituo cha afya anakofanya kazi kinatafuta mtu wa kupeleka chanjo vijijini kwa pikipiki. Watanichukua, ila permis, leseni ya pikipiki, waione kabla ya mwezi kwisha. Miezi minane mume wangu yuko huko, mimi niko hapa Kalemie. Nina hamu naye mpaka chakula hakipiti. Mtihani ni keshokutwa.

Jumatano, 11 Juni
Nimefeli. Wala sikuanguka! Mabidoni manane, yale madumu ya maji, yamepangwa uwanjani, nimepita katikati yake yote bila kutua mguu. Jirani yangu Chantal alitua kwenye la tatu, mota ikamzimikia. Tumefeli wote wawili.

Papa Emile, mtahini, aliniita mbele ya watu. “Mama Domitille, unakaa juu ya tanki sababu gani? Ile nafasi ya nyuma unaachia nani? Uko peke yako.” Watu wakacheka. Kweli nilikuwa nimesogea mbele kabisa, magoti yanagusa usukani. Anasema wanamotari wote, wale wa pikipiki za abiria, wana ugonjwa huo, wamezoea kubeba watu wawili. Halafu: “Na kona ya kushoto haukuangalia nyuma hata mara moja. Motokari ingekuja?”

Nirudi Alhamisi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimejua ni kwa nini. Nilijifunza Cyrille akiwa nyuma yangu, kila jioni, barabara ya uwanja wa ndege. Yeye ndiye aliyetazama nyuma. Njia ikiwa wazi ananigusa bega — la kushoto, nakata kushoto. Sikuwahi kugeuza kichwa. Na jana kwenye kona nilingoja. Nilingoja mkono wake kabisa. Naona aibu hata kuandika.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa tumekwenda uwanjani na Chantal. Mguu wake ule ule, bado unatua. Namwambia anatazama tairi, atazame mbali. Yeye ananikumbusha kitako. Nikarudi nyuma — kumbe kiti hiki kirefu hivi. Nikageuza kichwa, hakuna mtu. Nikazunguka, nikageuza tena. Mara ishirini labda. Miezi minane najua hayupo, lakini nilikuwa sijatazama.

Nililia. Chantal akadhani ni vumbi, nikamwacha adhani hivyo.

Jumanne, 17 Juni
Simu yake. Nimemuuliza kama ananingojea.  Akajibu: “Leta permis, Domi. Bantu ba kituo banauliza kila siku.” Mimi sikuuliza habari za kituo. Ikakatika — sijui ni mtandao, sijui ni yeye.

Alhamisi, 19 Juni
Naandika ukingoni mwa uwanja, daftari kwenye goti. Chantal amepita! Mguu haukugusa chini, sasa anazunguka anaonyesha watu viatu vyake. Boti ya Moba inaondoka Jumamosi. Nguo zangu ziko tayari ndani ya mfuko tangu jana, nisipopita nitaona haya kuzitoa.

Bado mtu mmoja mbele yangu. Anakaa juu ya tanki, maskini.

Simu inatetemeka. Cyrille. Saa hizi huwa hapigi. Papa Emile naye ameinua mkono, ananiita. Simu bado inatetemeka. Naifungia humu ndani ya daftari, nampa Chantal. Kitako nyuma. Halafu kichwa, kabla ya kona, nakigeuza mwenyewe.