Mgomaji Aliyenenepa

Mshauri mpendwa wa gazetini,

Kwa heshima na taadhima, na kwa ushahidi wa mshipi wangu uliokatika jana asubuhi, nautangazia umma kwamba mimi, mfanyakazi niliye kwenye mgomo, nimenenepa. Wenzangu wote wamekonda. Kiongozi wetu, tunayemwita Kipaza kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti, amebaki koo na masikio tu. Mimi mashavu yananing'aa kama birika jipya. Nishike mkono, Mshauri, maana nisipopata neno la haraka, mashavu haya yatanishtaki kabla sijafungua mdomo.

Mimi ni mkandaji unga katika kiwanda cha mikate, kazi niliyoingia nikiwa na nywele na sasa nina kofia. Tumegoma kwa sababu ya mashine ya kukandia, ambayo bamba lake la kinga lilivunjika, tajiri akasema tungoje, tukangoja, mpaka siku ilipomvuta shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ninayefanya naye kazi bega kwa bega, ikamwachia vidole vitatu kwenye mkono wa kulia, na tajiri akasema tungoje tena. Hapo hatukungoja.

Siku ya kwanza ya mgomo, mke wangu, ambaye ana akili kunizidi na wala hafichi, alinunua gunia la unga akaniambia, "Baba Pacha, huu ndio wa kutuvusha mpaka mrudi kazini. Leo tuokee mkate wa watoto, mimi naenda kumfunga kaka kidonda." Nyuma ya nyumba yetu kuna tanuri la matofali aliloliacha baba mkwe, naye alikuwa mwoka mikate, kwa hiyo kisingizio cha tanuri sikuwa nacho.

Sasa Mshauri, mimi sijawahi kuoka mkate wa watoto, mimi nimeoka mikate ya mji mzima, mkono wangu haujui kikombe wala kijiko, unajua gunia, na ndoo, na chumvi ya kuchota kwa viganja viwili, nikajaribu kuchota unga kidogo, nakuapia nilijaribu, ukawa mwepesi kama nimeshika hewa, nikaongeza, nikatia maji yakazidi, nikaongeza unga ukakauka, nikaongeza maji, na nilipokuja kuinua kichwa gunia lilikuwa limelala sakafuni, tupu, kama soksi.

Mke wangu aliporudi alikuta mikate juu ya kabati, juu ya kitanda chetu, na kwenye beseni la kuwaogeshea pacha.

"Unamlisha nani? Jeshi?"

"Si ulisema wa watoto?"

"Tuna watoto wawili, Baba Pacha! Wawili! Mmoja hata meno hayajatimia!"

Mkate haungoji, na unga wetu wote ulikuwa umekwisha kuwa mkate, basi nikaona tuwauzie majirani ili turudishe gunia letu. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akachukua wa kwanza, akautia pua, akaung'ata akiwa bado mlangoni, akafumba macho. Kesho yake watu walipanga foleni kuanzia mlangoni kwetu mpaka kwake, maana madukani rafu ni tupu na harufu ya tanuri letu haina adabu, inaingia nyumba za watu bila hodi.

Hapo ndipo mke wangu aliposhikwa na pepo wa biashara. Nikisema tuache, anasema oka. Nikisema wenzangu, anasema wateja. Nami ni nani? Mwanamume asiye kazini, sauti yake ndani ya nyumba inakuwa kama ya redio inayoishiwa betri. Basi nikaoka gunia la pili, na la tatu, na kwa kuwa mwoka mikate lazima aonje, ndiyo haya mashavu.

Kila siku baada ya kuoka nakwenda kwenye geti la kiwanda, nashika bango lililoandikwa HAKUNA KINGA, HAKUNA MKATE, nalitikisa kuliko wote. Juzi akapita mama mmoja wa makamo na kikapu, mikate yangu imechungulia juu kama watoto dirishani. "Kazeni hivyohivyo, wanangu!" akatupungia. "Mpaka haki ipatikane!" Akamega kipande akala.

Kipaza akamsimamisha. "Mama, samahani, mkate huo umeupata wapi?"

"Mtaa wa nyuma huko. Kwa baba mmoja mnene hivi, mcheshi sana."

Mshauri, nilificha uso nyuma ya bango, nikavuta tumbo ndani mpaka likagusa mgongo.

Kipaza akapanda juu ya kreti. "Wenzangu! Jana tajiri kasema nini? Kasema siku mji ukililia mkate ndipo atanunua kinga! Na mji haulii! Mji unatafuna! Kuna mtu miongoni mwetu anaulisha! Kikulacho ki nguoni mwako!" Watu wote wakanguruma, nami nikanguruma nao, kisha nikatazama nguo yangu nikaona unga kifuani, nikajipangusa kama mtu anayejipigapiga kwa uchungu.

"Tuchague mtu wa kumsaka," akasema Kipaza. Na hapo shemeji yangu, aliyekuwa amekaa kivulini, akanyoosha mkono wake wa vidole vitatu. "Mchagueni shemeji. Ana pua."

Wakanipigia makofi. Ninavyokuandikia, mimi ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Kumsaka Msaliti. Natembea mtaa kwa mtaa nikinusa, na nikikaribia kwangu naongeza mwendo. Jioni natoa ripoti: "Harufu ipo, ila upepo unanichanganya."

Nifanyeje? Nikisema, wenzangu watanitema. Nikinyamaza, tajiri atazidi kuvimba kichwa, mgomo utakufa, na shemeji atarudi kwenye mashine ileile na vidole vilivyobaki. Na mke wangu nimwambieje aache tamaa?

Ni mimi,
Mwindaji Ninayejiwinda

*

Ndugu Mwindaji,

Vuta kiti ukae, kama kiti kitakuhimili. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama naumwa. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, nikaacha kucheka.

Gunia la kwanza nakusamehe, tena kwa moyo mweupe. Mimi nilikulia nyumba ya watu wengi, na hadi leo, wanangu wameshaoa na kuolewa, nikipika chai ya watu wawili inatosha msiba. Mume wangu ameshazoea kunywa chai ya jana. Mkono una kumbukumbu yake, hauulizi kichwa.

Lakini gunia la pili halikuja kwako kwa miguu yake. Unaniambia ni mkeo. Haya. Ni huyu huyu mkeo anayekwenda kumfunga kaka yake kidonda? Unataka niamini kwamba mwanamke anauosha mkono wa kaka yake, anaviona vidole visivyokuwepo, anarudi nyumbani, ananawa, kisha anakaa mlangoni kuuza mkate utakaomrudisha kaka yake kwenye mashine ileile? Baba Pacha, nimesoma barua za waume mpaka macho yamedai miwani. Mume akiandika "mke wangu kashikwa na pepo," mimi huanza kumtafuta pepo mfukoni mwa mume.

Ngoja nikueleze jambo ambalo mkandaji hulioni ukiwa umeinamia unga. Tangu mgome, mimi nakunywa chai kavu, maana mtaa wetu uko mbali na harufu yako. Nimenuna. Nimemfokea muuza duka asiye na kosa, na wajukuu zangu wamegoma kwenda shule bila mkate, kwa hiyo nasi tuna mgomo wetu. Nilitaka kuwachukia ninyi mliogoma. Kisha nikauliza kisa chenu, nikaambiwa habari ya ile mashine, na hasira yangu ikageuka ikaenda kumtafuta tajiri wako. Hasira hiyo ndiyo silaha pekee waliyonayo wenzako. Hawana kingine, wana mdomo wangu mkavu. Nawe mtaani kwako umeuziba kwa mkate wa moto.

Kwa hiyo fanya hivi, tena leo. Zima tanuri. Nenda kwa shemeji yako kabla hujakwenda kwa Kipaza, maana vidole si vya Kipaza. Usiende na hotuba wala zawadi, nenda na mashavu yako. Ukitoka hapo, nenda getini ukaseme mwenyewe, kwa sauti, kabla pua ya mwingine haijakusemea. Watakutukana, simama utukanwe, utapungua kidogo. Unga uliobaki uwaokee waliogoma na watoto wao, bure, na foleni ya mlangoni uiambie kwa nini hakuna.

Na mkeo umwombe radhi kwa ulichoniandikia. Usipomwomba, nitakichapa kwa herufi kubwa, mstari wa pepo wa biashara peke yake ukurasa wa mbele.

Halafu kanunue kikombe.

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nililituma kwanza nyumbani kwake, kwa sababu kulichapa siku ile kungekuwa kumfunga kamba na kumkabidhi kwa Kipaza. Wiki hii ameniletea barua ya pili na ruhusa ya kuzichapa zote.

*

Mshauri,

Nilizima tanuri, nikaenda kwa shemeji. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini alinifungulia mlango akiwa anatafuna, na alichokuwa anatafuna ni mkate wangu.

"Karibu, Mwenyekiti," akasema. "Umemkamata?"

"Shemeji, ulijua?"

"Dada aliniletea wa kwanza siku ileile. Nikauangalia. Wewe ukiufunga mkate huikunja ncha kushoto, miaka yote hiyo nakwambia kulia, husikii. Nikasema huyu ni shemeji, kanogewa, ataacha. Hukuacha. Nikakutaja ukachaguliwe, ili uchoke kujitafuta."

"Mbona hukumwambia Kipaza?"

"Kipaza akijua, nani hatajua? Nilitaka uje mwenyewe." Akanisogezea kiti kwa ule mkono. Nililia pale, Mshauri, nacho kiti kikalia pia.

Getini walinitukana vizuri sana. Kipaza alinitukana mpaka sauti ikamkauka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, watu wakaanza kumcheka yeye badala ya kunikasirikia mimi. Nikavuliwa uenyekiti, nikapewa cheo cha kufagia geti na kuwaokea wote, bure, na mke wangu akasimama pembeni yangu na kikombe akinipimia unga kama anayempimia mtoto dawa.

Mtaa wetu ukalia. Mama wa kikapu alikuja mlangoni, nikamweleza ya mashine na ya vidole, akaenda hadi kiwandani na foleni nzima nyuma yake, fundi cherehani akiwa bado na uzi mdomoni, wakavigonga vikapu vitupu getini mpaka tajiri akatoka nje. Mafundi wakaja, bamba jipya likafungwa. Hatukupata yote: fidia ya shemeji bado inazungumzwa, na bado tunambana. Lakini tumerudi kazini, na mashine sasa inatafuna unga tu.

Imebaki siri moja, uliyoinusa ukiwa mbali. Mke wangu hakuuza hata mkate mmoja. Baada ya ile mikate ya kwanza aliniambia, "Imetosha, Baba Pacha. Kaka yangu je?" Nikamjibu ni ya leo tu. Alikuwa akijifungia chumbani na pacha nikiwa mlangoni nauza, hataki hata kunusa. Gunia la pili nilinunua mimi. Na la tatu.

Haikuwa tamaa ya hela. Ni yule fundi cherehani. Alipofumbua macho siku ile, aliuliza, "Nani kaoka huu?" Nikasema, "Mimi." Kiwandani mkate unatoka na karatasi yenye jina la tajiri, unapanda gari, unakwenda. Nimeulisha mji huu tangu nina nywele, na hilo swali nilikuwa sijawahi kuulizwa. Kesho yake nikaoka tena ili niulizwe tena.

Mke wangu nimemwambia haya kabla yako. Alimaliza kuwaogesha pacha, kisha akaweka kile kikombe mbele yangu.

"Oka mmoja," akasema. "Mmoja, Baba Pacha. Nitakuuliza."